Kijana amemaliza kidato cha nne? Mpe daftari la kikoba aligeuze programu

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa hiyo kijana hukaa nyumbani zaidi ya miezi sita. Kuanzia Tabata Segerea hadi Kimanga, wazazi huumiza kichwa: aachwe na simu tu, au alipiwe kozi ya kompyuta?

Mzazi, kabla hujatoa ada, jua kwamba zana wanazotumia watengenezaji wa tovuti ni za bure. Kijana anahitaji kompyuta, hata ya mtumba, bando kidogo, na kazi ya kweli ya kufanya. Hiyo kazi ya kweli ndiyo wengi huisahau.

Django ni nini?

Fundi anayejenga nyumba hachongi kila mlango mwenyewe. Mingine huinunua ikiwa tayari. Fremuweki ni hivyo hivyo: ni kiunzi chenye sehemu ambazo kila tovuti huzihitaji, kama vile kuingia kwa nywila na kuhifadhi kumbukumbu.

Django ni mojawapo. Ilizaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Hutumia lugha ya Python, ambayo ni rahisi kwa anayeanza. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wake, DjangoCon Africa, ulifanyika Zanzibar. Kwa hiyo si jambo la mbali.

Hatua za kuanza

1. Apakue Python kutoka python.org. Kwenye Windows, akiona kisanduku chenye neno PATH, akiweke tiki kabla ya kuendelea. Wengi hukwama kwa kukiruka.

2. Afungue dirisha la amri na kutenga sehemu ya kazi:
python -m venv kazi
kazi\Scripts\activate

3. Asakinishe Django:
python -m pip install django

4. Aanzishe mradi na kuuwasha:
django-admin startproject kikoba
cd kikoba
python manage.py runserver

Kisha aandike 127.0.0.1:8000 kwenye kivinjari. Akiona picha ya roketi, amefanikiwa.

Python na Django kwa pamoja havifiki MB 100. Baada ya hapo kazi huendelea bila bando, kwa sababu tovuti hiyo inaishi ndani ya kompyuta yake tu. Mtu wa nje haioni.

Kazi ya kwanza: kikoba cha mama

Hapa ndipo wengi huacha. Wameona roketi, kisha hawajui wafanye nini. Mpe kijana daftari la kikoba alione: majina ya wanachama, hisa, mikopo, marejesho. Mwulize, "Ungemsaidiaje katibu asigombane na watu kila Jumapili?"

Azime tovuti kwa kubonyeza Ctrl na C, kisha aandike:
python manage.py startapp michango

Ndani ya faili la models.py ataeleza mchango ni kitu gani: nani ametoa, kiasi gani, tarehe ipi. Django itatengeneza jedwali la kuhifadhia na ukurasa wa kuingizia taarifa. Kwenye faili la settings.py akibadilisha lugha kuwa 'sw', maneno mengi ya ukurasa huo hugeuka Kiswahili.

Aanze na majina ya kubuni. Taarifa za wanachama ni za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari la karatasi lisitupwe, na programu isiwekwe mtandaoni mpaka mtu mzoefu aikague na wanachama waridhie.

Wewe mzazi ufanye nini?

Kwanza, usishtuke ukiona maandishi mengi ya makosa kwenye kioo. Hajaharibu kompyuta. Mwambie asome mstari wa mwisho. Mara nyingi ndio unaotaja tatizo. Mara nyingi ni herufi moja iliyokosewa.

Pili, usiwaache mabinti jikoni huku kaka zao wakipewa kompyuta. Django Girls wana mwongozo wa bure mtandaoni ulioandikwa kwa ajili ya wanaoanza kabisa.

Tatu, kila mwisho wa wiki mwombe akuonyeshe alichofanya, akueleze kwa Kiswahili cha kawaida. Asiyeweza kueleza amenakili tu.

Huenda programu hiyo isitumike kamwe kwenye kikoba. Lakini kijana aliyekaa na katibu, akasikiliza malalamiko yake na kuyageuza kuwa kitu kinachofanya kazi, atakwenda kidato cha tano au chuo akijua jambo ambalo cheti peke yake hakimpi: kumsikiliza mtu mwenye shida na kuitafutia ufumbuzi.