Mstari mnyoofu ndani ya Ziwa Kivu

Wanafunzi wengi hukariri mlinganyo wa mstari mnyoofu bila kuambiwa unaeleza nini. Kwa wanaoishi Minova, kando ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, jibu liko ufukweni. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina kanieneo ya baa 0.85 hivi. Ukishuka majini, kila mita 10 huongeza karibu baa 1.

Habari hizo mbili, pa kuanzia na kasi ya kuongezeka, zinatosha. Kina kikiwa x kwa mita, na kanieneo y kwa baa:

y = 0.1x + 0.85

Shule za Kongo huandika y = ax + b, za Tanzania y = mx + c; herufi tu ndizo zinazotofautiana. Namba inayozidisha x ni mteremko, ile nyingine huonyesha mstari unapokata mhimili wa y. Kule Mombasa hewa ya ufukweni ina baa 1 hivi, lakini maji huongeza kanieneo kwa kiasi kilekile, au karibu sana. Ichore mistari hiyo miwili pamoja: itakwenda sambamba.

Kazi huwa ngumu pale unapopewa nukta mbili tu. Tuseme kipimo kimesoma baa 2.85 kwenye mita 20, na baa 26.85 kwenye mita 260. Kanieneo imepanda kwa 24, kina kimeongezeka kwa 240. 24 kwa 240 ni 0.1. Sasa rudisha nukta moja: 2.85 = 0.1 × 20 + b, hivyo b ni 0.85. Tazama tulichopata: kanieneo ya hewa juu ya ziwa, ilhali kipimo hakikusomwa pale juu hata mara moja. Kisha hakiki kwa nukta ya pili, jambo ambalo wengi huliruka.

Hesabu hii ina uzito kwa watu wa Kivu. Kanieneo ya vilindini ndiyo inayosaidia methani na kabonidayoksaidi zibaki zimeyeyuka majini. Kwenye mita 350, mlinganyo unatoa baa 35.85. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, huvuta maji ya kina cha kiasi hicho. Yanapopanda bombani kanieneo hupungua, gesi hujitenga, na methani huchomwa kuzalisha umeme.

Ila usiandike mlinganyo bila mipaka yake. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, basi x iende kutoka 0 hadi hapo. Ukiweka x = −8.5, yaani mita nane na nusu juu ya maji, y inakuwa sifuri: mlinganyo unadai kwamba juu ya vilima vyote vya Minova hakuna hewa. Maji hayabanwi kwa urahisi, ndiyo maana mstari wake umenyooka; hewa hubanwa, na grafu yake hupinda.