Gari la Kifahari la Ulaya Mikononi mwa Mmiliki wa Pili

Magari ya kifahari yanayotengenezwa Ulaya, yakiwemo Mercedes-Benz, BMW, Audi na Range Rover, yamejipatia katika miji ya Afrika Mashariki sifa mbili zinazovutana, moja ikiwa ni utulivu na uimara barabarani, na nyingine ikiwa ni kumkausha mfuko kila anayeyamiliki. Sifa zote mbili zina ukweli, lakini ile ya pili hueleweka vibaya, kwa kuwa wengi huiona kuwa ushahidi wa udhaifu wa gari lenyewe, ilhali chanzo chake kikubwa ni hesabu ya bei. Gari lililouzwa jipya kwa fedha ambazo zingejenga nyumba hushuka thamani kwa kasi, na baada ya miaka minane au kumi hupatikana kwa bei ya saluni ya kawaida ya Kijapani. Spea zake, hata hivyo, hazikushuka bei pamoja nalo, kwani pampu ya maji au shokapu ya gari hilo bado inauzwa kwa kiwango cha gari ghali. Mnunuzi aliyemudu bei ya kulinunua huwa mara nyingi hakuwahi kuzijumlisha gharama za kuliweka barabarani.

Hesabu hiyo huongezewa uzito na njia ambayo magari haya huingilia katika ukanda huu. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo mengi huletwa kupitia Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika Japani au Uingereza, nchi ambazo nazo huendesha upande huo huo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wauzaji wengi huleta magari yaliyokaribia ukomo huo kwa sababu ndiyo yenye bei nafuu. Umri huo ndio ambao mpira huanza kupasuka, plastiki hukauka na oili zilizodhaniwa kuwa za kudumu huwa zimechoka, kwa hiyo mmiliki wa kwanza amelifurahia gari katika miaka yake ya utulivu, na wa pili amelipokea siku ya kudai matengenezo.

Mfumo wa kupoza injini ndio unaostahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndio unaoua injini nyingi. Watengenezaji wa Ulaya, katika kupunguza uzito, hutumia plastiki kwenye sehemu ambazo zamani zilikuwa za chuma, kama vile tangi la akiba la maji, viungio vya mipira ya rejeta na kasha la themostati, ambayo ni vali inayozuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linalotakiwa. Plastiki hiyo hustahimili joto kwa miaka mingi, kisha huanza kuvunjika kama biskuti, mara nyingi bila kutoa dalili ya maana kabla. Injini ya BMW ya silinda sita iitwayo N52, iliyotoka mwaka 2004, huendeshewa maji yake na pampu ya umeme badala ya pampu inayozungushwa na mkanda, na kompyuta yake huruhusu joto kupita nyuzijoto 100 gari linapokwenda taratibu ili kuokoa mafuta. Maji matupu ya bomba hayafai katika injini ya namna hiyo, kwani pamoja na kuchemka mapema, huleta kutu na magadi ndani ya njia nyembamba za alumini. Kinachohitajika ni kulanti, yaani kimiminika chenye glikoli na dawa za kuzuia kutu, kilichochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi kwa vipimo vilivyotajwa na mtengenezaji.

Iko desturi katika gereji nyingi ya kuiondoa themostati kabisa pale gari linapochemsha, kwa hoja kwamba katika nchi za joto haina kazi. Desturi hiyo ingeweza kuvumilika katika injini za zamani za kabureta, lakini katika injini inayoongozwa na kompyuta ni madhara matupu. Injini ambayo themostati yake inapaswa kufunguka kwenye nyuzijoto 87 hubaki baridi inapoondolewa, kompyuta huendelea kuamini kwamba gari limewashwa sasa hivi, hivyo humwaga petroli zaidi ya inayohitajika, na sehemu ya petroli hiyo huteremka pembezoni mwa pistoni hadi kwenye oili na kuipunguzia ulaini wa kulinda vyuma. Mwenye gari huona ulaji wa mafuta umepanda na kuanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine, ilhali kosa lilifanywa na mkono uliotaka kumsaidia.

Giaboksi za otomatiki zina historia inayosikitisha zaidi, kwa kuwa hapa watengenezaji wenyewe walichangia upotofu. BMW na Mercedes-Benz, kwa nyakati tofauti, ziliwatangazia wateja kuwa oili ya giaboksi ilikuwa ya maisha yote ya gari. Kampuni ya ZF ya Friedrichshafen nchini Ujerumani, ambayo ndiyo iliyotengeneza giaboksi nyingi za BMW, Jaguar na Range Rover, hushauri kwamba oili hiyo ibadilishwe kila baada ya kilometa kati ya 80,000 na 120,000 au miaka minane, na Mercedes-Benz nayo ilirudi baadaye na kuweka ratiba ya kuibadilisha. Neno «maisha» katika tangazo la kiwanda halilingani na matarajio ya mtu anayelinunua gari likiwa na miaka minane na kutaka kuliendesha mingine kumi.

Mfano mmoja wafaa kuangaliwa kwa karibu, nao ni giaboksi ya gia tano ya Mercedes-Benz iitwayo 722.6, iliyoanza kutumika mwaka 1996 na kuenea katika matoleo mengi ya C, E na S. Ubavuni mwake huingia plagi ya waya yenye pini 13, ambayo hupitisha mawasiliano kati ya giaboksi na kompyuta yake, na plagi hiyo huzuiwa isivujishe oili na oringi, yaani vipete vyembamba vya mpira. Vipete hivyo vinapokauka, oili hujipenyeza ndani ya plagi, kisha hupanda taratibu kati ya nyuzi za waya, ndani ya ganda la plastiki, mpaka ifike kwenye kompyuta iliyo mbali na juu ya giaboksi. Siku moja gari hung'ang'ania gia ya pili na kukataa kubadili, na fundi asiyejua historia hiyo huamua kwamba giaboksi imekufa, akamshauri mwenye gari anunue nyingine ya mtumba. Fundi anayejua huanza kwa kuichomoa plagi ya upande wa kompyuta na kuangalia kama ina oili, kisha hubadilisha kipande cha plastiki na vipete vyake, ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na giaboksi, na kuisafisha kompyuta ikiwa bado haijaharibika. Giaboksi hiyo haina kijiti cha kudumu cha kupimia oili. Mfuniko wa bomba lake umefungwa, na kipimo halisi hufanywa kwa kijiti maalumu cha gereji oili ikiwa imefikia nyuzijoto 80, jambo linaloeleza kwa nini nyingi zimejazwa kupita kiasi au pungufu.

Baadhi ya Mercedes za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na tatizo jingine linalounganisha mfumo wa kupoza injini na giaboksi. Ndani ya rejeta yake mna njia ya kupozea oili ya giaboksi, na ukuta unaotenganisha oili na kulanti ulipotoboka, glikoli iliingia kwenye giaboksi na kuharibu bitana za klachi iliyo ndani ya toki konveta, chombo cha duara kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa msukumo wa oili. Dalili yake ni mtetemo gari linapokwenda kwa mwendo wa wastani, kana kwamba magurudumu yanapita juu ya matuta madogo, na mwenye gari huweza kutumia fedha nyingi kwenye matairi na mpangilio wa magurudumu kabla ya mtu kufikiria rejeta.

Sapensheni ya hewa ndiyo sehemu inayowatia hofu zaidi wanunuzi, na ndiyo inayoonyesha wazi tofauti kati ya fundi anayepima na fundi anayebahatisha. Mercedes-Benz iliuweka mfumo huo, kwa jina la Airmatic, katika S-Class ya toleo la W220 iliyozinduliwa mwaka 1998. Mahali pa springi ya chuma pana puto la mpira lililojazwa hewa. Kompresa ya umeme husukuma hewa, bloku ya vali huigawanya kwa kila gurudumu, na sensa hupima urefu wa gari kutoka ardhini na kuiarifu kompyuta. Mpira wa puto hupasuka nyufa ndogo sana kwenye mikunjo yake, na kupitia nyufa hizo hewa hutoroka polepole. Kompresa, ambayo haikubuniwa kufanya kazi bila kupumzika, hulazimika kuziba pengo hilo kila dakika mpaka iungue. Gari huanguka kama ngamia aliyepiga magoti, na fundi mwenye haraka huweka kompresa mpya, ambayo nayo huungua baada ya muda mfupi kwa sababu ufa bado upo.

Njia ya kupima haihitaji kifaa cha gharama. Urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi hupimwa jioni katika pembe zote nne, gari huachwa likiwa limezimwa mahali tambarare, na vipimo hurudiwa asubuhi. Pembe moja ikiwa imeshuka peke yake, shaka ya kwanza huwa kwenye puto la pembe hiyo, na pembe kadhaa zikishuka pamoja, shaka huelekea kwenye bloku ya vali au mabomba; baada ya hapo maji ya sabuni yakinyunyizwa kwenye mikunjo na viungio huonyesha mapovu pale hewa inapotoka. Rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha kompresa, hubadilishwa pamoja na kompresa, kwani rilei iliyogandana huiacha kompresa ikizunguka bila kukoma. Puto jipya nalo halipaswi kubeba uzito wa gari kabla halijajazwa hewa, la sivyo mikunjo yake hubanwa na kuchanika siku hiyo hiyo. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari la namna hii likiwa limeshikiliwa na hewa pekee bila stendi za chuma. Wako wanaong'oa mfumo wote na kuweka springi za kawaida, na kwa mwenye uwezo mdogo uamuzi huo unaeleweka, ingawa gari hupoteza sehemu kubwa ya ulaini ambao ndio uliolipa jina.

Breki za kawaida hazina mengi ya kuelezwa, kwani pedi na diski ni vitu vinavyolika katika kila gari, isipokuwa kwa E-Class ya toleo la W211 iliyotoka mwaka 2002. Gari hilo lilipewa mfumo uitwao Sensotronic, ambamo kanyagio hutuma ishara ya umeme na pampu yenye shinikizo kubwa ndiyo inayofunga breki. Mwaka 2004 kampuni iliyaita magari yapatayo 680,000 kwa ajili ya marekebisho ya mfumo huo, na kuanzia mwaka 2006 E-Class ikarejeshewa breki za kawaida. Hatari kwa fundi ni kwamba mfumo huo huamka hata mlango ukifunguliwa tu, na pampu inaweza kuzibana kalipa vidole vikiwa ndani. Ndiyo maana ni lazima uzimwe kwa mashine ya uchunguzi kabla ya pedi kuguswa. Chombo chake pia huhesabu idadi ya mara ambazo breki zimetumika na hutoa onyo hesabu inapotimia, kwa hiyo onyo jekundu kwenye dashibodi si la kupuuzwa wala la kufutwa tu.

Mashine hiyo ya uchunguzi ndiyo chombo kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kusoma misimbo ya hitilafu, lakini msimbo hutaja kile ambacho kompyuta imekihisi, si lazima kiwe ndicho kilichoharibika. Msimbo unaosema hewa imezidi petroli huwafanya wengi wanunue sensa ya oksijeni, hali sensa imesema kweli, na kosa liko kwenye mpira wa hewa uliopasuka baada ya kipimo cha hewa. Betri iliyochoka nayo huweza kuwasha onyo la breki, la sapensheni na la usukani kwa wakati mmoja, hivyo kipimo cha volti hutangulia kila kipimo kingine. Katika BMW nyingi betri mpya inatakiwa hata kusajiliwa kwenye kompyuta, kwa sababu bila hivyo mfumo wa kuchaji huendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Kuhusu oili ya injini, unene unaoandikwa kwenye kopo hautoshi. Kinachotafutwa ni namba ya kibali cha mtengenezaji, kama 229.5 ya Mercedes-Benz au Longlife-04 ya BMW. Muda mrefu wa kumwaga oili uliowekwa kwa barabara za Ulaya unapaswa kufupishwa kwenye vumbi na foleni, na kilometa 8,000 hadi 10,000 ni kiasi cha busara. Injini ya V6 iitwayo M112 hubeba takriban lita 8 za oili na hutumia plagi 12, mbili kwa kila silinda, kwa hiyo bili ya sevisi inayoonekana kuwa ya ulaghai huenda ikawa ya haki.

Unafuu wa kweli hupatikana kwenye ununuzi wa spea. Kiwanda cha gari hakitengenezi kila kitu. Lemförder hutengeneza vipande vya sapensheni, Sachs klachi na shokapu, Bosch na Mahle mengine mengi, na kipande kilekile mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kikiwa kwenye boksi la mtengenezaji wake badala ya lile la kampuni ya gari. Ili kukipata kinacholingana, duka hupewa namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, si mwaka na modeli peke yake, kwani gari la mwaka uleule linaweza kuwa na breki mbili tofauti.

Mnunuzi anayepanga kuchukua gari la namna hii atahitaji kuliona asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu mlio wa taimingi cheni iliyorefuka, tatizo lililozoeleka katika injini ya M271 ya Mercedes C-Class, husikika kwa sekunde chache za mwanzo kisha hupotea. Baada ya kulinunua, kazi ya kwanza ni kubadilisha oili ya injini, oili ya giaboksi pamoja na filta yake, kulanti na mafuta ya breki, kukagua kila mpira na kiungio cha plastiki kinachopitisha maji, na kuanzisha daftari ambalo kila kilichofanywa kitaandikwa pamoja na kilometa zake.