Kumzuia Shahidi Asifike Kortini ni Kosa la Kifungo cha Miaka 5

Chukua mfano wa mama anayeuza chai kando ya barabara kuu mjini Emali. Usiku mmoja anaona mbuzi wa jirani wakipakiwa kwenye pikapu, anawatambua wanaowapakia, na asubuhi anaandikisha taarifa kwa polisi. Miezi kadhaa baadaye anapata samansi ya kwenda kutoa ushahidi katika Mahakama ya Makindu. Siku mbili kabla ya tarehe hiyo, shemeji ya mshtakiwa anaingia kibandani, anaagiza chai, anaulizia watoto, kisha anasema kwa upole: "Mama, hawa ni vijana wetu. Jumanne ukiugua kidogo, nani atakulaumu?" Anapoondoka, chini ya kikombe kuna noti ya shilingi elfu moja.

Hakuna aliyetishwa na hakuna sauti iliyopandishwa. Hata hivyo, kosa tayari limetendeka.

Kifungu cha 117 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kinasema kwamba mtu anayemshawishi, anayemzuia au anayemkwamisha shahidi asifike kutoa ushahidi, kwa nia ya kuharibu mwendo wa haki, ametenda kosa kubwa la jinai. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 5. Kifungu hichohicho kinawahusu wanaokula njama ya kuvuruga haki, kwa hivyo aliyemtuma shemeji hajanusurika kwa sababu tu hakwenda mwenyewe.

Wakazi wengi hawajui kwamba kujaribu pekee kunatosha. Mama akikataa pesa, akapanda matatu Jumanne na kusema yote aliyoyaona, shemeji bado anaweza kushtakiwa. Kinachopimwa ni nia. Kumsalimia jirani ambaye ni shahidi si kosa, wala kununua chai yake. Wakili wa mshtakiwa pia ana ruhusa ya kutafuta ushahidi wa kumtetea mteja wake. Kosa huanza pale mazungumzo yanapolenga kumfanya shahidi asifike au asiseme ukweli.

Filamu za Marekani huonyesha watu 12 wameketi pembeni mwa mahakama wakiamua kama mshtakiwa ana hatia, na huko ni kosa zito kuwahonga au kuwatisha. Kenya haina utaratibu huo. Wakati wa ukoloni watu kama hao walitumika katika kesi za Wazungu, huku kesi nzito za Waafrika zikisikizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga. Wazee hao nao waliondolewa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Leo hakimu au jaji ndiye anayeamua, na huamua kwa yale anayoyasikia kutoka kwa mashahidi. Ndiyo maana anayetaka kuharibu kesi humwendea mama wa chai.

Mama huyo naye akiipokea noti na kubaki nyumbani, mahakama inaweza kutoa amri akamatwe kwa kupuuza samansi. Akienda na kusema uongo baada ya kuapishwa, hilo ni kosa la kiapo cha uongo, ambalo adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 7. Aliyemshawishi aseme uongo anakabiliwa na adhabu hiyohiyo. Uongo wa kununuliwa una historia ndefu nchini. Rawson Macharia, shahidi wa upande wa mashtaka katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, aliapa mwaka 1958 kwamba alikuwa amehongwa ili atoe ushahidi wa uongo. Serikali ya kikoloni ilimshtaki yeye kwa kiapo hicho, akafungwa.

Upole ukigeuka vitisho, makosa yanaongezeka. Kumtisha au kumsumbua mtu kuna adhabu ya hadi miaka 3 chini ya kifungu cha 238. Kutishia kumuua, iwe kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu au kupitia mtu mwingine, ni hadi miaka 10 chini ya kifungu cha 223. Anayeharibu kwa makusudi hati au kitu chochote akijua kitahitajika kama ushahidi ana kosa pia. Na anayempa polisi au karani pesa ili faili lipotee anaingia kwenye Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, ambapo adhabu ni hadi miaka 10 gerezani, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Ni vigumu kuliona hili kama jambo dogo baada ya yaliyotokea kwenye barabara hiihii ya Mombasa. Josephat Mwendwa, mwendesha bodaboda, alikuwa amepigwa risasi na afisa wa polisi naye akapeleka malalamishi kwa IPOA, mamlaka inayochunguza mienendo ya polisi. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka Mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Mwezi Februari 2023 Mahakama Kuu ilimhukumu kifo Fredrick Leliman, afisa aliyekuwa amelalamikiwa, na wenzake watatu wakapewa vifungo virefu.

Kwa kawaida mambo hayafiki huko. Yanayoonekana zaidi vijijini ni kikao cha wazee wa ukoo, ambapo familia mbili zinakubaliana fidia na mlalamishi anaambiwa "akaondoe kesi". Hapa pana haja ya kutofautisha. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza mapatano katika makosa madogo ya kibinafsi, kama vile shambulio la kawaida, na Katiba inatambua njia za jadi za kusuluhisha mizozo. Mapatano hayo hupelekwa mbele ya hakimu, naye ndiye anayeyakubali au kuyakataa. Wizi wa mifugo haumo katika makosa hayo madogo, kwa kuwa adhabu yake inaweza kufika miaka 14.

Kunajisi mtoto hakumo kabisa. Uamuzi wa kusimamisha kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 hauko mikononi mwa mzazi, chifu wala ukoo. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hata yeye huhitaji ruhusa ya mahakama. Wazee wanaopokea mbuzi wa faini kisha kumficha mtoto kwa shangazi yake ili asipatikane siku ya kesi wanajiweka wenyewe chini ya kifungu cha 117, hata kama walidhani wanaleta amani.

Shahidi aliyefikiwa anafaa kutoa taarifa mapema, kabla ya siku ya kusikizwa kwa kesi, kwa afisa wa upelelezi anayeshughulikia kesi hiyo au kwa kiongozi wa mashtaka. Aandikishe kwenye OB na kuchukua nambari yake. Jumbe za simu na za M-Pesa zisifutwe. Ikiwa anayemsumbua ni polisi, malalamishi yanapelekwa IPOA. Shahidi anaweza pia kumweleza hakimu mwenyewe anapoitwa kizimbani. Mahakama ikiridhika kwamba mshtakiwa anaingilia mashahidi, inaweza kumfutia dhamana akangojea kesi akiwa rumande.

Polisi, mashtaka na mahakama ni kazi za serikali ya kitaifa, kwa hivyo ofisi za kaunti haziwezi kuamua malalamishi haya. Kwa aliye hatarini kweli kuna Shirika la Kuwalinda Mashahidi, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2006. Shahidi anaweza kuomba mwenyewe, au kupitia wakili, polisi au kiongozi wa mashtaka. Ulinzi unaweza kuwa wa kutoa ushahidi faraghani, kutumia jina lisilo lake, kulindwa na polisi, au kuhamishiwa mahali pengine hadi hatari ipite.