Chuo kinachomtaka mwenye ufadhili ashike jembe

WAZAZI wengi wa vijijini wanaijua hesabu hii. Ng'ombe anauzwa, kipande cha shamba kinawekwa rehani, kijana anakwenda chuo kikuu, na akishahitimu anabaki mjini kusaka kazi ya ofisini. Shamba lililomsomesha linabaki na wazee.

Huko Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati inayofahamika kwa ndizi, kahawa na mananasi, kipo chuo kikuu cha kilimo kilichojaribu kuigeuza hesabu hiyo. Chuo hicho, EARTH, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kwa msaada wa serikali ya Marekani na mfuko wa W.K. Kellogg. Kipo Guácimo, katika mkoa wa Limón wenye mvua nyingi.

Wanafunzi wengi wa EARTH husoma kwa ufadhili, na wengi wao wanatoka vijijini. Hata hivyo, alama nzuri za mtihani pekee hazitoshi kumpatia mtu nafasi. Mwombaji huhojiwa ili ifahamike amefanya nini kwa ajili ya wenzake pale anapoishi, na anakusudia kufanya nini akirudi. Kijana aliyeongoza kikundi cha ufugaji kuku kijijini ana cha kusema mbele ya wahojaji hao kuliko aliyekaa na vitabu tu.

Akishaingia, mwenye ufadhili hapelekwi moja kwa moja darasani akakae kitako. Shahada huchukua miaka minne, na tangu mwaka wa kwanza mwanafunzi huvaa buti na kwenda shambani kupalilia, kukamua na kuvuna pamoja na vibarua. Baadaye hutumwa kwa wakulima wadogo wa vijiji vya jirani kufanya kazi nao. Mwaka wa tatu hutoka kwa miezi kadhaa kufanya mazoezi ya kazi katika kampuni au asasi, na wengine hufanya hivyo katika nchi zao.

Lakini somo ambalo mfanyabiashara mdogo angelipenda zaidi ni lile la kampuni. Wanafunzi wachache hujikusanya, huchagua bidhaa, iwe mboga, nguruwe au chakula cha kusindika, kisha huandika mchanganuo wa gharama na soko. Mchanganuo ukikubaliwa, chuo huwakopesha mtaji. Fedha hizo si zawadi. Kundi hununua pembejeo, huzalisha, huuza, huweka vitabu vya hesabu na kurejesha mkopo pamoja na riba. Faida ikipatikana wanagawana, kisha kampuni inafungwa. Mtu mwenye umri wa miaka 20 anakuwa amekwishaonja bei kuanguka wakati wa mavuno, na amekwishagombana na mwenzake juu ya nani hakuamka kulisha nguruwe. Hakuna kitabu kinachofundisha hayo.

Chuo chenyewe nacho kinafanya biashara. Kina shamba la migomba, na ndizi zake zimeuzwa hadi katika maduka ya Whole Foods ya Marekani. Hapo mwanafunzi huona kwamba mnunuzi wa mbali huuliza pia jinsi zao lilivyolimwa na jinsi wafanyakazi wanavyotendewa.

Milango ilifunguka zaidi kwa vijana wa Afrika mwaka 2012, pale taasisi ya Mastercard Foundation ilipozindua mpango wa kuwafadhili vijana wenye vipaji wasio na uwezo, kwa ahadi ya dola za Marekani milioni 500. EARTH ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyoshirikishwa mwanzoni. Sharti lake kubwa si kurudisha fedha, bali mwenye ufadhili awe tayari kuitumikia jamii yake. Masomo hutolewa kwa Kihispania, hivyo wasiokijua hutumia kwanza miezi kadhaa kujifunza lugha.

Kazi ya kurudi nayo ipo. Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye kuingia Kagera, umewapotezea wakulima mikungu mingi, na unadhibitiwa kwa mambo ambayo mtaalamu anayekubali kuchafuka ndiye anayeweza kuyafundisha: kung'oa shina lililougua, kuondoa ua dume mapema, kusafisha panga kwa moto au jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Ugumu uko kwingine. Kule chuoni kundi lilipewa mkopo kwa nguvu ya mchanganuo wake. Huku nyumbani benki huuliza dhamana, na kijana aliyerudi mara nyingi hana hati ya kiwanja wala shamba kwa jina lake. Eka mbili za baba zimekwishagawanywa kwa kaka zake. Mpango wa kuitumikia jamii unaweza kuishia hapo, mhitimu akachukua ajira ya mshahara mjini, na ni vigumu kumlaumu.

Kwa hiyo familia inayomtayarisha mtoto kuomba ufadhili wa namna hii ina mambo mawili ya kushughulikia mapema. La kwanza ni kumwachia kijana mradi wake mdogo, hata bustani ya mchicha, aweke kumbukumbu za matumizi na mauzo, maana ndizo atakazozieleza kwenye usaili. La pili ni kuzungumza, kabla hajapanda ndege, ni kipande gani cha ardhi kitamsubiri na kitaandikwa kwa jina la nani.