Tamthilia katika Likizo ya Kiangazi

Shule zifungwapo mwezi Juni, mtoto wa Rulenge hutoka darasani akaingia shambani. Kahawa yangoja kuchumwa, maharage yangoja kupurwa, na mifugo haina likizo. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Lakini majuma yale ya kiangazi yana jioni nyingi zipitazo bure, na jioni hizo ndizo tunazotaka kuzisemea leo, mbele ya wasomaji wetu wa visiwani na mbele ya watumishi wa Serikali wanaoshika funguo za madarasa.

Rai yetu ni kwamba likizo hiyo iwe msimu wa michezo ya kuigiza, ile mikubwa iliyoshinda umri wa waandishi wake, na kwamba chama cha michezo hiyo kiwapokee watoto wote, walioandikishwa shule na wasioandikishwa.

Huko Uingereza na Marekani wako wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani kwa hiari yao, na wapo kati yao ambao wakati wa kiangazi huwakusanya wakacheza Shakespeare. Kwetu mambo ni mengine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilitaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe, na ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Kwa hiyo mtoto wetu wa nyumbani ni yule aliyeachia njiani, au aliyebaki kulea wadogo zake, au anayehama na baba yake kutoka mwalo hadi mwalo kufuata samaki. Mpango wa MEMKWA uliwekwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Hata hivyo wapo bado, na wasomaji wetu wa Goziba, Bumbire, Ukerewe na Ukara wanawajua kwa majina.

Mtu asiseme kwamba hatuna vitabu vya kuchezea. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri mchezo wa Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963. Kazi za Urais hazikumzuia kuurudia na kuusahihisha, ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969, kisha mwaka 1971 akatuletea Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles wa Uyunani ya kale. Ebrahim Hussein alikuwa ameandika Kinjeketile, na Penina Muhando akafuata na Hatia. Hazina yote hiyo ilipatikana katika muda wa miaka kumi hivi, na kwa lugha ambayo mtoto wa Rulenge, aliyelelewa kwa Kishubi au Kihangaza, huitumia sokoni kila siku.

Tungependa waanze na Juliasi Kaizari, na sababu yetu ni ya hapa hapa Ngara. Katika mchezo ule Kaizari akisha kuuawa, Brutus anauhutubia umati nao unamshangilia. Anapanda Antonio, anasema maneno ya upole, anawasifu wauaji kuwa ni watu waheshimiwa, na kabla hajashuka umati ule ule unatafuta moto wa kuchoma nyumba zao. Mara tu baada ya hapo wanakutana na mtu njiani aitwaye Cinna. Mmoja wa wauaji naye huitwa Cinna. Mtu yule anawaambia kwamba yeye ni mtunga mashairi, si yule wanayemtaka. Wanamuua kwa sababu ya jina lake.

Wazee wa Rulenge hawahitaji kuelezwa mambo hayo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya hii. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wakisimamishwa vizuizini na kuuawa kwa neno moja lililoandikwa katika kitambulisho, huku redio ikichochea. Mto Kagera ulizichukua maiti ukazifikisha Ziwa Viktoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakafanya kazi ya kuzizika, na samaki wakakosa wanunuzi. Mtoto wa leo hakuyaona. Anaweza kuyasoma katika kitabu cha historia akajibu swali la mtihani. Lakini mtoto aliyewekwa katika umati wa Roma, akapiga kelele za kumshangilia Brutus, kisha baada ya dakika kumi akajikuta anapiga kelele za kumtaka Brutus auawe, amekwisha kuonja jinsi mtu anavyogeuzwa na ulimi wa mwingine. Baada ya zoezi mwalimu amwulize swali moja tu: ni neno gani lililokugeuza?

Upungufu wa vitabu tunaujua. Nakala moja ya mchezo kwa kijiji kizima ni bahati. Lakini mjini London mwaka 1599, Julius Caesar ulipochezwa katika jumba la Globe, waigizaji hawakugawiwa kitabu kizima kila mtu. Kila mmoja alinakiliwa maneno yake peke yake, pamoja na maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue zamu yake. Karatasi ilikuwa ghali, na kunakili kulikuwa kazi ya mkono. Daftari mbili na kalamu zatosha kufanya hivyo hivyo Rulenge. Tena njia hiyo humfaa yule asiyejua kusoma vema, kwa maana mwenzake humsomea mistari yake michache naye akaishika kwa kichwa. Mara nyingi mtoto aliyekosa shule ana kumbukumbu kuliko sisi tunaotegemea karatasi.

Wakisha kukomaa wapewe Kinjeketile, mahali pale shujaa anapotakiwa na Wajerumani aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ijapokuwa maji hayakuzuia risasi. Tumeona watu wazima wakigombana juu ya kukataa huko. Watoto nao wagombane.

Wako watakaosema kwamba Shakespeare ni mambo ya Wazungu. Mkoa huu umezoea kusikiliza visa virefu vya mashujaa na wafalme vikiimbwa kwa enanga, vyenye usaliti na vifo vya kuhuzunisha; hatudhani kwamba Brutus ataonekana mgeni sana. Hofu ya maofisa ndiyo yenye uzito zaidi. Wizara imepata kukataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na katazo lile lilikuwa la haki, kwa kuwa mtoto huchoka na mzazi hutozwa. Mwalimu mkuu akiogopa kuonekana anaendesha masomo ya siri, hatafungua mlango. Basi Afisa Elimu wa Kata atoe kibali cha maandishi, aseme kwamba hakuna ada, hakuna mtihani, na kwamba asiye na sare anaruhusiwa kuingia.

Visiwani kuna jambo moja la kuangalia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na watu hukaa ufukoni bila shughuli. Mazoezi na maonyesho yawekwe katika siku hizo, maana mwanga hupatikana bila mafuta na watazamaji wapo. Na afisa anayetaka kwenda Goziba kuutazama mchezo, aulize kwanza mwezi una siku ngapi.