Kukausha Mboga na Maembe Nyumbani

Katika mikoa ya Dodoma na Singida mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo majani ya kunde, maboga na mchicha hujaa mashambani, na maembe huozea chini ya miti. Ifikapo Septemba, kaya nyingi hula ugali kwa mboga ya kununua, na wasio na fedha huikosa. Hapa tatizo siyo kilimo bali hifadhi.

Kukausha siyo jambo geni kwetu. Wagogo hukausha mlenda na kuusaga. Wasukuma wana nsansa ya majani ya kunde, na michembe ya viazi vitamu. Kwa hiyo kamati ya usharika inapoandaa mradi isianze kwa kusema inaleta teknolojia mpya. Iwaulize kwanza akina bibi. Linalohitaji kuboreshwa ni usafi na vitamini A, kwa sababu majani yanapoanikwa juu ya mwamba kwenye jua kali hupoteza sehemu kubwa ya kirutubisho hicho, ambacho mtoto anakihitaji kwa macho na kwa kinga ya mwili.

Mboga za majani zichumwe asubuhi, zioshwe, zitumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 hadi 3, kisha zichujwe. Zitandazwe kivulini penye upepo, au ndani ya kaushio lililofunikwa kitambaa cheusi. Zikikauka vizuri husagika zikifikichwa mkononi. Wakati wa kupika ongeza karanga au mafuta kidogo, kwani mwili hauwezi kutumia vitamini A vizuri pasipo mafuta.

Kaushio ni sanduku la mbao lenye miguu. Chini huwekwa bati lililopakwa rangi nyeusi, katikati trei za wavu, juu nailoni angavu. Hewa huingia kwa matundu ya chini, hupata joto na kutoka kwa matundu ya juu ikiwa imebeba unyevu. Fundi seremala wa kijijini analiweza. Wavu usiwe chandarua chenye dawa, hata kikiwa kikuukuu, maana ile ni dawa ya kuua wadudu na haifai kugusa chakula.

Maembe yana usumbufu wake: huiva wakati mvua zinaanza, na vipande vilivyolala na unyevu siku mbili za mawingu huota ukungu. Katakata kiasi ambacho kaushio litabeba kwa siku hiyo tu, katika vipande vyembamba vya unene wa milimita 5 hadi 8. Kilo 10 za maembe yaliyoiva, baada ya kuondoa maganda na kokwa, hutoa takriban kilo 1 iliyokauka. Kipande kilichokauka hupinda bila kunata.

Usifungashe moja kwa moja. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kwa siku chache na uangalie kila siku. Ukiona umande ndani, rudisha kaushioni. Chenye ukungu kitupwe chote, wala asipewe kuku.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu kuhifadhi mboga kwenye chupa kwa kuchemsha. Jibu letu ni hapana. Jamu ya nanasi au embe lenye ndimu haina shida, kwa kuwa ni chachu na ina sukari nyingi. Lakini maharage mabichi, karoti na mboga za majani hazina uchachu, na kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Ndani ya chupa iliyofungwa hutoa sumu inayopooza mwili na kuua, na chakula huenda kisionyeshe dalili yoyote. Mboga hizo zikaushwe.

Kwa wafadhili na kamati, ushauri wetu ni kaushio dogo moja kwa kaya tatu au nne za jirani, siyo mtambo mkubwa kwenye uwanja wa kanisa ambao mwaka wa pili hugeuka banda la kuku. Kikundi kikitaka kuuza, SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji, na tangu 2019 usajili wa majengo na bidhaa za chakula uko TBS. Kwa mnada wa sikukuu ya mavuno usharikani, mfuko mmoja wa mlenda uliosagwa vizuri unatosha kuanzia.