Bei ya Ukulele Haipimwi kwa Mbao

"Mbao zimekula shilingi ngapi? Basi zidisha mara tatu." Ndivyo mafundi chipukizi wa ukulele wanavyofundishana kupanga bei, na wateja nao huuliza: ala ndogo hivi, nyuzi nne tu, iweje bei yake ikaribie ya gita? Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa ujumbe na ana kwa ana karakana, na bado linakuja. Kanuni ya mara tatu ni dawa ya uongo. Fundi anayeinywa hafi siku hiyo. Anafanya kazi mwaka mzima huku akijiuliza fedha zinakwenda wapi.

Tuanze na huo udogo. Shati la mtoto hula kitambaa kidogo, lakini kola, mikono na vifungo vyote vipo, na fundi cherehani anavishona kimoja kimoja. Ukulele nayo ina shingo, uso, mgongo, daraja, mbavu mbili za kukunjwa kwa moto na freti za kupigiliwa na kusawazishwa. Udogo umepunguza mbao; kazi imebaki palepale, na pengine imezidi. Kiuno cha ukulele ya kipimo cha soprano kina mkunjo mkali kuliko cha gita, kwa hiyo ubavu wa mninga wa milimita 2 hupasuka upesi zaidi juu ya bomba la moto. Uso wa mkangazi lazima upunguzwe hadi kwenye milimita 2 au chini kidogo. Ukiuacha mnene, sauti inafia ndani. Ukizidisha randa, nyuzi zinalivuta daraja na uso unabonyea.

Halafu njoo kwenye freti, mahali ambapo udogo hauna huruma. Chukua soprano yenye urefu wa uzi wa milimita 350. Ili kupata freti ya kwanza unagawa 350 kwa 17.817, unapata milimita 19.6. Urefu unaobaki unaugawa tena kwa 17.817 upate freti ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya 12, ambayo lazima ikae katikati kabisa, milimita 175. Sasa kosea milimita 1 tu unapobandika daraja. Kwenye gita la milimita 650 kosa hilo litaudhi sikio la mpigaji makini. Kwenye soprano linapotosha sauti karibu mara mbili ya hapo, na mtoto wa shule atalisikia. Mbao ndogo inadai vipimo vikali zaidi, na vipimo vikali ni saa za kazi.

Wanaoitetea kanuni hii huniambia imetoka kwa maseremala. Kwa kabati la mvule inaweza kukaribia ukweli, maana humo mbao ndiyo gharama kubwa. Na ni kweli kwamba ukulele ilizaliwa mikononi mwa maseremala: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, mafundi samani wa Madeira, walishuka Honolulu mwaka 1879 kutoka meli ya Ravenscrag, wakaanza kuunda ala zilizotokana na machete, gita dogo la kwao. Lakini mikono kuwa ileile hakuifanyi hesabu iwe ileile.

Ipime kanuni yenyewe. Fundi mmoja aunde ukulele mbili za kipimo kimoja, moja kwa mabaki ya mkangazi aliyonunua kwa seremala jirani, nyingine kwa koa iliyoagizwa Hawaii, mti usioota kiasili mahali pengine popote. Saa ni zilezile, patasi ni ileile, jasho ni lilelile. Kwa kanuni ya mara tatu, ya mkangazi itauzwa bei ya kutupa na ya koa itapaa. Maana yake fundi analipwa kwa kuchagua ubao ghali, na ufundi wake umehesabiwa sifuri. Ndiyo maana wanaoifuata huishia kurundika urembo wa chaza kwenye ala zisizolia vizuri.

Tena kanuni haioni kodi ya banda, umeme, msasa, gundi, vanishi, blade za msumeno, ubavu uliopasuka, na siku nzima uliyokwenda kutafuta mbao kavu. Haioni kwamba mteja wa Machi atarudi Agosti daraja limebanduka, na utalibandika bure kwa sababu ni jina lako.

Tuweke namba za mfano. Vifaa vyote, shilingi 120,000. Kazi, saa 45 kwa shilingi 8,000, yaani 360,000. Gharama za karakana kwa mwaka ni 2,400,000 na unauza ukulele 24, kwa hiyo kila moja ibebe 100,000. Jumla 580,000. Ongeza asilimia 10 ya tahadhari, unafika 638,000. Kanuni ya mara tatu inasema uza 360,000. Ukitoa vifaa na karakana, unabaki na 140,000 kwa saa 45, shilingi 3,100 hivi kwa saa, na bado hujarekebisha chochote. Badilisha namba hizi ziwe za kwako, mpangilio usiubadilishe.

Mtaniambia soko limejaa ukulele za kiwandani za bei ya chini. Limejaa kweli. Kiwanda kina mashine inayokata shingo nyingi kwa siku, na huwezi kushindana nacho kwa bei. Shindana kwa sauti, kwa vipimo, na kwa kumwundia mpigaji shingo inayoenea kiganja chake.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Andika saa zako kwenye daftari, kila ala, kuanzia ubao wa kwanza hadi uzi wa mwisho. Unda nne kwa mkupuo juu ya kalibu moja, usiunde moja moja. Anza na soprano isiyo na urembo yenye bei moja, kisha konseti, kisha teno. Urembo uwe na orodha yake ya bei. Chukua malipo ya awali ya nusu na mwandikiane. Mpingo uweke kwenye ubao wa vidole na daraja. Uso wote wa mpingo ni mzito mno. Ukiuza ubao wake nje ya nchi, unahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ala iliyokamilika ilisamehewa kibali hicho mwaka 2019, ila ulizia sheria za nchi zote mbili kwanza. Matengenezo ya ala za wengine yatoze, ndiyo yanayolipa kodi miezi mikavu.

Nawe mnunuzi, ukitajiwa bei, usiulize mbao zimegharimu kiasi gani. Omba kuipiga ala hiyo freti ya 12, uzi kwa uzi. Ikilia sawasawa, mlipe fundi saa zake.